Freddie Mercury: Tuanzie Kwenye Kinanda

Juzi semina yetu juu ya Freddie Mercury iligeuka kuwa ugomvi wa uraia. Huyu anadai ni wetu, kazaliwa Unguja; yule anasema alikwishajikana, hata jina alibadili. Mimi mtu wa Kitahana, Kibondo, bahari nimeiona ukubwani, nikakaa kimya. Swali langu lilikuwa jingine: mbona hakuna aliyetaja kinanda?

Tunamjua kwa sauti. Lakini Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba, 1946 kwa wazazi Waparsi, hakuanza kama mwimbaji. Akiwa na miaka minane hivi alipelekwa bweni Panchgani, India. Huko akafundishwa piano, na katika bendi ya wanafunzi, The Hectics, kazi yake ilikuwa hiyo hiyo piano. Mwimbaji wa mbele alikuwa mwingine! Alirudi Unguja, lakini baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1970, yeye, Brian May na Roger Taylor wakaunda Queen. John Deacon akaja mwaka uliofuata.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Katika mkusanyo wao wa *Greatest Hits* wa 1981, toleo la Uingereza, nyimbo 10 kati ya 17 ni tungo zake. Chukua "Bohemian Rhapsody" (1975): karibu dakika sita, na kiitikio hamna. Sisi tuliozoeshwa kuwinda maudhui kwanza tutakwama hapo, maana mtunzi mwenyewe alikataa kuufafanua. Basi tuanzie kwenye fani. Kinanda ndicho kinachobeba maungamo ya yule kijana. Kinanda ndicho kinachogonga hodi sehemu ya opera inapoingia, na magitaa yakishamaliza fujo zao, ndicho kinachorudi kutuliza. Vipande hivyo, kwa maoni yangu, vimeunganishwa na mikono kabla ya maneno. Linganisha na "Crazy Little Thing Called Love" (1979), alioutunga kwa gitaa, chombo asichokimudu sana: wimbo mfupi, mwepesi, umenyooka. Chombo kimebadilika, na umbo nalo limebadilika.

Kuna wanaong'ang'ania neno "Bismillah" lililomo katika ule wimbo wa 1975, eti ndio ushahidi wa Uzanzibari. Sikubali. Neno hilo husikika India vile vile, na kwao walikuwa Wazoroasta. Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka ilipangwa Zanzibar, ikapingwa, ikafutwa. Mwaka 2019 ikafunguliwa makumbusho yake Mji Mkongwe. Wanaomkataa na wanaomdai wote wanagombea mtu, tungo zimeachwa uani.

Kuanzia 1984 Spike Edney alikuwa akisaidia vinanda jukwaani, Freddie akapata nafasi zaidi ya kukimbia na kipaza sauti chake. Hata hivyo Wembley, tarehe 13 Julai, 1985, kwenye Live Aid, kitu cha kwanza alichofanya ni kuketi kwenye piano. Alifariki tarehe 24 Novemba, 1991.

Kama ni kumdai, mimi namdai kwa bweni. Niliondoka Kitahana na sanduku la bati kwenda kusoma Kasulu nikiwa na miaka kumi na minne, na wiki nzima ya kwanza nililia chini ya shuka. Yeye alikuwa na minane, na bahari nzima katikati. Shule yao ilikuwa na piano. Yetu ilikuwa na ngoma moja ya paredi, nayo imetoboka.