Kuvuka mpaka kwa basi: Kitambulisho chatosha Kampala, hakitoshi Arusha

MKENYA anayepanda basi jijini Nairobi kuelekea Kampala na mwenzake anayeelekea Arusha hukata tikiti kwa namna moja, pengine katika barabara moja. Wafikapo mpakani, hata hivyo, sheria inayowangoja si moja.

Wa kwanza aweza kuvuka Busia au Malaba akiwa na kitambulisho cha taifa pekee. Wa pili akifika Namanga na kitambulisho kama hicho bila hati nyingine, hataruhusiwa kuingia Tanzania, na ni nadra basi lililojaa abiria kumsubiri mtu mmoja atafute stakabadhi.

Tofauti hiyo huweza kumgharimu msafiri nauli, siku nzima na, iwapo atashawishika kutafuta njia ya mkato, hata uhuru wake.

Chanzo cha tofauti

Mkataba wa kufufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi na Kenya, Uganda na Tanzania mnamo Novemba 30, 1999 na ukaanza kutumika Julai 2000. Itifaki ya Soko la Pamoja ilifuata Julai 1, 2010, ikitambua haki ya raia wa nchi wanachama kusafiri katika eneo hili.

Itifaki hiyo, hata hivyo, haikulazimisha kila nchi kukubali kitambulisho cha taifa mpakani. Iliziachia nafasi nchi zilizo tayari kukubaliana kuhusu jambo hilo zifanye hivyo.

Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana, na tangu Januari 2014 raia wao wamekuwa wakivuka kwa vitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo. Anayeelekea Arusha, Tanga au Dar es Salaam sharti awe na pasipoti, au hati ya muda inayotolewa na Idara ya Uhamiaji kwa safari za Afrika Mashariki.

Raia wa Kenya halipii viza katika nchi yoyote kati ya hizo tatu za jirani. Haki ya kutolipa, hata hivyo, haimwondolei wajibu wa kuwa na hati inayokubalika.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 hana kitambulisho cha taifa. Mzazi anayesafiri naye anashauriwa kushughulikia hati zake mapema, na kubeba cheti cha kuzaliwa pamoja na barua ya idhini ikiwa mzazi mwingine hayumo safarini.

Yanayofanyika mpakani

Zamani abiria waliteremka upande wa Kenya, wakapigiwa mihuri ya kutoka, wakatembea hadi ng'ambo na kupanga foleni upya. Utaratibu huo ulibadilika vilipojengwa vituo vya pamoja vya mpakani. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na cha Namanga Desemba mwaka huo.

Katika vituo hivyo, maafisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja, na msafiri huhudumiwa katika nchi anayoingia. Basi linalotoka Nairobi hulipita jengo la Kenya hapo Namanga na kusimama kwenye jengo la Tanzania. Humo abiria hupitia kwanza dirisha la afisa wa Kenya, kisha la afisa wa Tanzania.

Mwenye pasipoti anafaa kuwa na mihuri miwili kabla ya kurejea garini: wa kutoka na wa kuingia. Kanuni za Jumuiya humruhusu mgeni kukaa hadi miezi sita, lakini afisa ndiye anayeandika idadi ya siku. Ni busara kuisoma papo hapo dirishani, si wiki kadhaa baadaye.

Kibali hicho ni cha matembezi. Hakimruhusu mwenyewe kuajiriwa. Kazi ina kibali chake.

Mizigo nayo huteremshwa na kukaguliwa na maafisa wa forodha. Abiria hutakiwa kuutambua mzigo wake, na asikubali kamwe kubeba mfuko wa mtu asiyemjua. Anayevusha fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani sharti azitangaze.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Anayeingia Tanzania nayo hutakiwa kuisalimisha mpakani.

Cheti cha chanjo

Stakabadhi inayosahaulika sana ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Tanzania hukidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, Kenya ikiwemo. Anayekwenda Uganda pia huweza kuulizwa.

Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Anayechanjwa asubuhi na kupanda basi jioni, basi, amekwisha kuchelewa. La kutia moyo ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya mwenyewe, na wenye vyeti vya zamani vilivyoandikwa miaka 10 hawahitaji kuchanjwa tena.

Muhuri na njia za panya

Msafiri aliyekwama ndiye windo la mabroka wa mpakani. Humwahidi kumvusha kwa njia za panya, wakimwambia kwamba atalikuta basi upande wa pili.

Anayekubali huingia nchi ya kigeni bila rekodi yoyote kwamba ameingia. Akikaguliwa njiani atachukuliwa kuwa mhamiaji haramu, na anaweza kutozwa faini, kufungwa au kurudishwa kwao. Akipata ajali au kuugua, jamaa zake watapata taabu kuthibitisha aliko. Siku ya kurudi hataweza kupigiwa muhuri wa kutoka katika nchi ambayo, kwa mujibu wa vitabu, hakuwahi kuingia.

Anayegundua kuwa hana hati inayofaa ni afadhali azungumze na maafisa wa uhamiaji wenyewe, au arudi nyumbani. Nauli hupatikana tena. Rekodi ya kukamatwa haifutiki kwa urahisi.

Fedha na saa

Noti kubwa zaidi ya Kenya ni ya Sh1,000, ilhali ya Tanzania ni ya 10,000 na ya Uganda ni ya 50,000. Sufuri hizo huwachanganya wengi, na mbadilishaji fedha mjanja hulijua hilo. Benki na maduka rasmi ya kubadilisha fedha ndiyo salama.

Anayerejea achunguze noti za Kenya anazopewa. Zile za Sh1,000 za toleo la zamani zilikoma kuwa fedha halali mwishoni mwa Septemba 2019.

Saa za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ni zile zile. Anayeendelea hadi Kigali atairudisha saa yake nyuma kwa saa moja, na ataona magari yakipita upande wa kulia wa barabara.

Usalama na historia

Ukaguzi wa abiria kabla ya kuondoka uliimarishwa baada ya mashambulizi ya mabomu jijini Kampala mnamo Julai 2010, na mlipuko uliotokea Nairobi Desemba mwaka huo kando ya basi lililokuwa likijiandaa kwenda Kampala. Jina lililo kwenye tikiti linafaa kulingana na lile la hati ya kusafiria, kwa kuwa ndilo huingia katika orodha ya abiria.

Historia inaonyesha pia kwamba mpaka unaweza kufungwa. Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya mwaka wa 1977 Jumuiya ya kwanza iliposambaratika, na haukufunguliwa hadi 1983. Mnamo Mei 2020 Kenya ilizuia abiria kuvuka kati yake na Tanzania kwa sababu ya Covid-19, ikiruhusu malori ya mizigo pekee.

Kwa hivyo kabla ya kulipa nauli, msafiri ajiulize maswali matatu: ni hati gani inayokubaliwa na nchi anayokwenda, ni lini muda wake utakwisha, na je, cheti cha chanjo kimo mkobani? Majibu ya maswali hayo hupatikana bila gharama akiwa Nairobi. Yakitafutwa Namanga, basi likinguruma tayari kuondoka, huwa ghali.