Nyumba za nyasi za tajiri wa benki

Wadau, hapa mjini ukitaja nyumba ya nyasi, wengi wanafikiria umaskini. Hebu leo twende Uingereza, kwenye kitongoji cha Blaise Hamlet, Henbury, katika jiji la Bristol. Huko tajiri mmoja aliezeka nyasi kwa makusudi.

Tajiri huyo ni John Scandrett Harford, mtu wa benki. Alitaka kuwapa makazi wazee waliokuwa watumishi wake. Akamwita msanifu John Nash, yuleyule ambaye baadaye aliigeuza Buckingham House kuwa kasri la mfalme. Mwaka 1810 na 1811 vikajengwa vijumba 9 vya mawe kuzunguka uwanja wa majani, na hakuna viwili vinavyofanana.

Vingine vina paa la vigae vya mawe, vingine la nyasi. Msidharau nyasi! Paa lake lazima liinuke sana, ili mvua iteremke kabla haijapenya ndani. Unene wake unazuia baridi. Halina mifereji, kwa hiyo ukingo wake unatokeza mbele, maji yadondoke mbali na ukuta. Dohani za pale ni ndefu, za matofali yaliyopangwa kwa mapambo, na juu ya nyasi urefu huo ni usalama pia, maana cheche ni adui.

Sasa basi, jambo linalonikera ni hili. Vijumba hivi vilikuwa vipya, lakini vilijengwa vionekane vya kale. Enzi hizo matajiri wa Uingereza walipenda mandhari yanayofanana na picha iliyochorwa. Mkulima wa kawaida aliezeka nyasi kwa sababu ndizo alizokuwa nazo. Nash aliezeka ili macho yafurahi. Umaskini ukageuzwa pambo!

Tusimwonee Harford, lakini. Wazee wake walipata nyumba imara ya mawe, wakati maskini wengi wa nchi ile walizeekea kwenye vibanda vibovu. Ila bei yake ilikuwa kuishi ndani ya picha ya bwana, huku wageni wakija kuwatazama.

Tangu 1943 vijumba hivyo viko chini ya shirika la National Trust, na vyote 9 vimesimama hadi leo, zaidi ya miaka 200 baadaye.

Swali langu kwenu: anayejengewa nyumba kwa hisani, ana haki ya kuulizwa iweje?