Kidonda kidogo Shinkolobwe: kitunze nyumbani, ujue pia wakati wa kwenda kwa muganga

Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ndio ulitoa sehemu kubwa ya uraniamu ya bomu la Hiroshima mwaka 1945. Serikali iliufunga mwaka 2004, lakini mawe na vumbi yake yangali na mionzi, na mionzi haionekani wala hainuki. Kwa hiyo hapa kidonda, hata kidogo, ni mulango: vumbi inaweza kupitia pale na kuingia mwilini.

Ukijikata, toka kwanza kwenye vumbi. Nawa mikono, kisha osha kidonda vizuri na sabuni na maji safi ya kumiminika. Finya na kitambaa safi dakika 10, bila kufunua-funua. Damu ikikoma, kifunike, na ubadilishe kitambaa kila siku. Hapana kupaka udongo, majivu ao petroli.

Enda kituo cha afya siku ileile kama damu haikomi, kama kidonda ni kirefu kwenda ndani, ao kama musumari ama jiwe chafu ndilo limekutoboa: pengine utahitaji chanjo ya tetanosi. Umuambie muganga kama ulikuwa mgodini.

Usaha, uvimbe unaoenea, homa, taya kukazana: hapo usingoje kesho.