Nyumba ya Elimu ya Lwiro na Makaburi ya Sanga



Miaka michache iliyopita nilikwenda kumzika katekista mmoja mzee katika kijiji cha upande wa Lualaba. Mzee yule alikuwa na sifa ya kujua habari za zamani: majina ya wakubwa, njia walizofuata, nani alimpa nani shamba na sehemu ya ziwa. Watu waliniambia kwamba aliyaandika yote katika kaye tatu. Kiisha mazishi niliziuliza zile kaye. Mjane wake alinionyesha moja tu, na nusu yake ilikuwa imeliwa na mchwa. Mbili zingine zilikuwa zimekwisha kufungia karanga sokoni. Yule mama hakuwa na kosa, kwa maana hakuna mtu aliyemwambia kwamba karatasi zile zina bei. Lakini mimi padri nilimjua mume wake miaka minne, na sikuomba hata siku moja kuzisoma.

Tangu siku ile najiuliza: kazi ya kuchunguza mambo ya inchi na kuyaandika ni kazi ya nani? Wengi wetu hujibu haraka: ni kazi ya wazungu na ya watu wa universite. Basi tuangalie pamoja historia ya nyumba moja ya elimu iliyojengwa katika inchi yetu kwa kazi hiyo hiyo. Tutaona mema yake na makosa yake, na kiisha tutajua sehemu gani inatuangukia sisi.

I. Nyumba yenyewe

Tarehe 1 Julai 1947 serikali ya Ubelgiji ilitoa amri ya kuanzisha Institut pour la Recherche Scientifique en Afrique Centrale. Watu waliita kwa kifupi IRSAC. Makao makubwa yalijengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu, katika inchi ya Kabare, mahali ambapo mtu anaona mlima Kahuzi upande mmoja na ziwa Kivu upande mwingine. Mkubwa wa kwanza alikuwa Louis van den Berghe, mganga na mjuzi wa wadudu waletao magonjwa.

Nyumba hii haikufanywa kwa ajili ya mji mmoja. Ilikuwa ya Kongo yote pamoja na Ruanda na Urundi, na ilikuwa na matawi: Uvira kwa kuchunguza maji na samaki wa Tanganyika, Astrida (Butare, leo Huye) kwa mambo ya watu na desturi zao, Elisabethville (Lubumbashi ya leo) huku kwetu Katanga, na Mabali karibu na ziwa Tumba katika Equateur. Wengine walichunguza malaria na chakula cha watoto, wengine wadudu, nyoka na nyani, wengine matetemeko ya inchi na milima ya moto. Wengine waliandika lugha, desturi na historia.

Tangu mwaka 1948 IRSAC ilitoa ripoti ya kila mwaka. Ilikuwa pia na gazeti lenye jina la Kilatini, Folia Scientifica Africae Centralis, ambalo mseminari yeyote ataweza kulifasiri: karatasi za elimu za Afrika ya Kati. Msidharau neno hili la kila mwaka. Mtu anayejua kwamba mwisho wa mwaka ataulizwa, hukaa akiandika tarehe, mahali na jina la aliyemwambia. Kosa la mwaka huu linaweza kusahihishwa mwaka ujao, kwa sababu limeandikwa, nalo linaonekana. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti kibaba chenyewe kiwepo.

II. Waliokwenda kuwauliza wazee

Kati ya vijana wa IRSAC alikuwamo Jan Vansina, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1929. Mwaka 1953 alikuwa kwa Wakuba, huko Kasai, akijifunza lugha yao na kusikiliza wazee. Wakati ule walimu wengi wa Ulaya walifundisha kwamba watu wasio na maandiko hawana historia. Vansina aliona kinyume. Alitambua kwamba neno la mzee ni ushuhuda, na ushuhuda unapimwa: nani amesema, aliupata kwa nani, anapata faida gani akisema hivi, na wengine wanasema nini juu ya jambo lile lile. Mwaka 1961 alitoa kitabu chake De la tradition orale, nacho kilibadilisha namna ya kuandika historia ya Afrika yote.

Mwingine ni Daniel Biebuyck, aliyefanya kazi kwa Walega na kwa Wanyanga. Mwaka 1956, katika msitu wa Wanyanga, mzee Candi Rureke alisimulia na kuimba habari za shujaa Mwindo muda wa siku kumi na mbili, nazo ziliandikwa zote. Kitabu kilitoka mwaka 1969, nacho kina jina la Biebuyck pamoja na jina la Kahombo Mateene, mtoto wa Wanyanga wenyewe. Vivyo hivyo kwetu: kamusi kubwa ya Kiluba na Kifaransa ya mwaka 1954 ina jina la Padri Van Avermaet, Mfransisko, na pembeni yake jina la Benoît Mbuya. Ninayataja majina haya kwa kusudi. Nyuma ya kila kitabu cha mgeni alikuwapo mwenyeji aliyefasiri, aliyesahihisha, aliyeonyesha njia. Hawa wachache majina yao yamebaki, lakini ya wengi hayakuandikwa.

III. Makaburi ya Sanga

Sasa tufike kwetu Haut-Lomami. Kwenye ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, kuna makaburi ya zamani sana. Mwaka 1957 Jacques Nenquin wa makumbusho ya Tervuren na Jean Hiernaux walichimba huko, na Hiernaux alirudi mwaka 1958. Kiisha uhuru, mwaka 1974 na 1975, Pierre de Maret aliendelea Sanga na mahali pengine pa bonde la Upemba, kama Katongo, Kamilamba, Kikulu na Malemba-Nkulu.

Walikuta nini? Walikuta wafu waliozikwa kwa heshima, na vyungu vizuri vya namna nyingi, vikuku vya shaba, majembe na silaha za chuma, na vitu vya pembe za tembo. Hata watoto wadogo walizikwa na vyungu vya kipimo chao. Makaburi mengi ya wakati unaoitwa Kisale ni ya miaka ya 900 mpaka 1300 hivi, na mengine ni ya zamani kupita hayo. Kule Kamilamba, katika kaburi la karne ya 8 au ya 9, palikuwa na shoka la heshima, mpini wake umepambwa kwa misumari, na karibu na kichwa cha marehemu palikuwa na fuawe la chuma. Kila Muluba anajua kwamba shoka na fuawe ni alama za ukubwa. Basi alama hizo zilikuwapo miaka elfu moja na zaidi kabla yetu.

Hapo mseminari atauliza: je, na habari za Nkongolo Mwamba, za Mbidi Kiluwe na mwana wake Kalala Ilunga? Wazee husema kwamba ufundi wa chuma na ukubwa wa kweli ulikuja na hao. Makaburi yanaonyesha chuma na alama za ukubwa tangu zamani mno. Je, tuseme wazee walidanganya? Hapana. Masimulizi yale yanajibu swali lingine: mkubwa mwema ni mtu wa namna gani, na mkali asiye na adabu anaishaje. Jembe la mchimbaji linajibu swali la lini na la wapi. Asiyetofautisha maswali mawili haya atawadharau wazee bure, ama atawakataa wajuzi bure.

Tuangalie jambo lingine moja. Kisale haina shaba. Shaba ile ilitoka kusini, katika inchi ambayo leo ni ya migodi. Katika makaburi ya nyuma kuna misalaba midogo ya shaba, ya kipimo karibu sawa, iliyotumika kama franka. Katika makaburi mengine kuna makauri, nayo hayatoki ziwani wala mtoni. Yanatoka Bahari ya Hindi. Ni kusema kwamba watu wa Kisale hawakukaa peke yao. Walipokea kutoka kwa jirani, na jirani kwa jirani yake, mpaka pwani.

Hili si jambo la kupendeza masikio tu. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu na maelfu. Walingoja gari la moshi vituoni majuma mengi. Watoto na wazee walikufa. Na njia ya kwenda Kasai inapita hapa Kamina. Wakati ule historia ilinolewa kama panga: nani ni mwenyeji, nani ni mgeni. Waliosema kwa nguvu hawakuwa wamesoma chochote, na sisi tuliopaswa kujua hatukuwa na jibu la kuwapa Wakristu wetu. Makauri ya Sanga yalikuwa na jibu, lakini yalikaa ndani ya vitabu vya Kifaransa na Kiingereza, mbali na mimbari zetu.

IV. Makosa na mwisho wa IRSAC

Sharti tuseme ukweli wote. IRSAC ilikuwa nyumba ya serikali ya kikoloni. Ripoti zake zilimfuata mzungu Brussels, hazikurudi kijijini. Mzee aliyesimulia hakusomewa yaliyoandikwa juu yake, asiweze hata kusema: hapa umekosa.

Kosa hilo lina hatari. Hiernaux yule yule wa Sanga alipima miili ya watu wa Ruanda na Urundi, akatoa kitabu juu ya vipimo hivyo mwaka 1954. Mbele yake na kiisha yake watu wengine walitumia vipimo vya pua na vya urefu kuwatenga Watutsi na Wahutu kana kwamba Mungu aliwaumba mara mbili. Tunajua matunda yake katika mauaji ya mwaka 1994. Na sharti tumtendee mtu huyu haki: kiisha kupima miaka mingi, Hiernaux mwenyewe aliandika mwaka 1964 kwamba kuwagawa wanadamu kwa mbari hakusimami katika elimu. Alifuata ukweli hata ulipopinga desturi ya wenzake. Lakini masahihisho hayakutembea upesi kama kosa.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na nyumba ile kubwa ikagawanyika. Kazi ya Astrida ilichukuliwa na Instituti ya elimu ya Rwanda mwaka 1964. Lwiro na Uvira zilibaki za Kongo. Leo Lwiro ni Centre de Recherche en Sciences Naturelles, na Uvira ni mahali pa elimu ya maji. Zimepita katika vita nyingi tangu mwaka 1996, na mwezi wa Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu. Katika miaka hiyo yote wako Wakongomani waliotunza vitabu na mikusanyo ya Lwiro, mara nyingi bila mshahara wa kutosha. Tuwape heshima yao.

V. Sehemu yetu

Je, kazi hii ni ya wengine tu? Stefano Kaoze, jirani yetu wa Tanganyika, alikuwa bado mseminari alipoandika juu ya roho na fikara za Wabantu, na maandiko yake yalitoka Brussels katika La Revue congolaise mwaka 1910 na 1911. Miaka sita kiisha, mwaka 1917, akapadirishwa, padri wa kwanza wa Kongo. Hakungoja diploma ya kuchunguza. Naye Padri Alexis Kagame wa Rwanda, aliyepadirishwa mwaka 1941, alikusanya mashairi na habari za wazee wa ufalme, akawa mjuzi ambaye wageni walikuja kumuuliza. Mtakatifu Luka mwenyewe, mwanzo wa Injili yake, anasema kwamba aliyachunguza yote kwa uangalifu kabla ya kuyaandika kwa utaratibu.

Tazama pia mbali. Singapore, inchi ndogo kuliko parokia zetu kadhaa, ilianzisha mwaka 1968 nyumba ya kuchunguza mambo ya Asia ya Kusini-Mashariki. Tangu mwaka 1974 inatoa kila mwaka kitabu juu ya inchi za upande ule: siasa yake, biashara yake, hatari zake. Watu wa upande ule hawangoji Ulaya iwaeleze jirani yao. Na sisi, tunajua nini cha mwaka uliopita juu ya Tanganyika, Lualaba, Kasai, au Zambia?

Wankambo wetu wa Uluba walikuwa na Wambudye waliosoma lukasa, ubao wenye shanga na makauri, kusudi habari za ufalme zisipotee. Ubao ule ulihitaji mwenye kuufundisha na mwenye kufundishwa. Ni sawasawa na kaye.

Basi nawaombeni mambo matatu. Kwanza, kila parokia iwe na kaye moja ya habari za zamani, na kila mwaka, mwezi wa Desemba, paandikwe yaliyosikiwa mwaka ule. Pili, kila habari iwe na jina la aliyesema (akikubali), tarehe na kijiji. Na mwenye kuandika amsomee tena mzee, apate kusahihisha. Tatu, habari mbili zikipingana, ziandikwe zote mbili. Tusichague ile inayopendeza ukoo wetu.

Ile kaye moja niliyopewa na mjane nimeinakili, kurasa zake kumi na nane zinazosomeka, na nakala moja nimeirudisha kwake. Kuna ukurasa unaotaja mtu aliyetoka kusini na shaba, akapewa mke na mahali pa kuvua samaki kwenye Kisale. Sentensi inaishia katikati, pale mchwa walipoanza.