Kaburi lenye mwaka



Tuliporudi Buleusa nyuma ya kukimbia vita, nilienda kutafuta kaburi la babu. Alama yake ilikuwa mti mmoja tu, uliopandwa upande wa kichwa. Nikakuta mti hauko, walishaukata juu ya makala. Baba mkubwa anasema kaburi liko huku, mama mdogo anasema liko kule. Hata mwaka aliozikwa, hakuna aliyeujua.

Tangu siku ile ninafuata habari za makaburi ya zamani, na iko moja ninataka kuwasimulia. Liko Gede, karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Gede ulikuwa mji wa Waswahili. Watu wake waliuhama, ukabaki mtupu kufika karne ya 17, msitu ukaumeza. Mwaka 1948, mwanaakiolojia James Kirkman akaanza kuchimba pale. Katika magofu yale kuna kaburi la mawe lililoandikwa mwaka kwa hesabu ya Kiislamu: 802, ndiyo kusema 1399. Kaburi hilo likawapa wachunguzi tarehe ya uhakika ya kushikilia katika historia ya mji mzima.

Musifikiri walikuwa na vifaa vya ajabu. Walijenga na matumbawe, yaani jiwe la baharini, na chokaa walipata kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Kule Mambrui, si mbali na Gede, walisimamisha nguzo juu ya kaburi, wakaipamba na bakuli za China. Mwaka 2024 UNESCO iliandika Gede katika Urithi wa Dunia.

Sisi tuliosoma agronomia, kwenye shamba la majaribio hatuachi kipande hata kimoja bila kibao: aina ya mbegu, tarehe ya kupanda. Kibao kikipotea, hata mavuno yawe mazuri namna gani, hayatufundishi kitu. Sasa mbona wazee wetu tunawaacha bila kibao?

Hatuna matumbawe, lakini mawe ya mtoni tunayo. Simenti kidogo, na musumari wa kuandika jina na mwaka mbele haijakauka. Majina mengine tuyaandike kwa kaye, wazee wangali hai.

Tukikimbia tena, jiwe litatungojea. Jiwe halichomwi makala.

Na wewe, kaburi la babu yako unalijua?