Uchongaji wa sehemu kavu za bonsai

Uchongaji wa sehemu kavu za bonsai ni kazi ya kuchonga tawi au shina lililokufa kwenye mti mdogo uliokuzwa chunguni, ili ufanane na mti mkongwe uliopigwa na upepo, jua au radi. Sanaa hii ilistawi nchini Japani. Tawi kavu lililobambuliwa gome huitwa jin, sehemu ya shina iliyobambuliwa huitwa shari, na uwazi ndani ya shina huitwa uro.

Umbo hilo huonekana pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Juu ya miamba ya matumbawe hukua kichaka cha Pemphis acidula, ambacho wapenzi wa bonsai wa Indonesia na Ufilipino hukithamini sana. Mti wake ni mgumu mno, hivyo patasi huchosha na wengi hukimbilia mashine. Kukichimbua ovyo ufukweni hakufai, sembuse ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Kwa mazoezi, kisiki kikavu cha mwembe kinatosha.

Grinda yenye diski ya meno ndiyo ya kuogopwa zaidi. Meno yakinasa kwenye fundo, mashine huruka kumwelekea mshikaji kabla hajawahi kuiachia. Kwa hiyo hushikwa kwa mikono miwili, kikinga chake hakiondolewi, na mchongaji husimama kando ya mstari wa diski. Chungu hufungwa imara mezani. Kanzu, kikoi na glovu za kitambaa hunaswa kirahisi, kwa hiyo havifai hapa. Plagi huchomolewa kila mara kabla ya kubadilisha diski.

Miwani ya kinga ni lazima. Vumbi nalo si la kudharauliwa: Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haitoshi; inatakiwa ile ya kuchuja vumbi.

Mti wenyewe pia unaweza kuuawa. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia ukanda hai ulio chini ya gome, na ukikatwa, tawi linalolishwa nao hukauka. Mpaka wa ukanda huo huchorwa kwa chaki kabla mashine haijawashwa, na karibu nao hutumika patasi tu, ambayo angalau hukosea polepole.

Mwishowe sehemu iliyochongwa hupakwa mchanganyiko wa chokaa na salfa, nje penye hewa, udongo ukiwa umefunikwa. Katika mvua za masika uro hujaa maji na kuoza, hivyo hutobolewa kwa keekee upande wa chini ili yatoke.