Uenyeji wa Viwanja

Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengenezaji sabuni. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata. Kwa sehemu kubwa heshima ya uenyeji ilikaa katika miji mikuu na pwani. Hata Agosti 2025, nchi zetu tatu zilipopokea mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Tanzania ilitoa uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na ule wa Amaan, Unguja.

Lakini tarehe 27 Septemba 2023 nchi hizo zilikwisha kukabidhiwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na mwaka uliofuata Arusha ikaanza kujengewa uwanja wa watu 30,000. Kwa mtu wa Masakta, wilayani Hanang, jambo hili si dogo: njia ya Babati impelekayo sokoni yampeleka pia uwanjani.

Hata hivyo, uenyeji haupimwi kwa wingi wa viti. Ikiwa watoto wa vijijini wataendelea kucheza katika magoli ya miti, tutakuwa tumewaandalia wageni karamu, na wenye nyumba wamelala njaa.